Kamba Niliyokuambia Uinyooshe

Makena,

Barua za zamani zilianza na salamu ndefu, za afya yako na afya ya ng'ombe, mpaka ukafika ukurasa wa pili hujaambiwa kitu. Mimi nitaziruka. Tangu Alhamisi tumeishi nyumba moja tukinyimana hata habari ya asubuhi, na itakuwa unafiki nikuamkie kwenye karatasi.

Ni Jumamosi alasiri. Wewe umeenda Kianjai kumuaga nyanya yako. Mama yako anapiga pasi nguo zako za safari chumba cha pili, na mimi nimekaa mezani nikiwasubiri wanakamati wa daraja, ambao nimewaita waje saa kumi. Kesho alfajiri unaondoka kwenda Mombasa. Kesho hiyo hiyo, baada ya ibada, kwaya na watoto na nusu ya kanisa watashuka mtoni kufungua daraja letu la kamba, na watalivuka wakiimba. Mimi na wewe tunajua kwamba halifai kuvukwa. Nimeandika sentensi hiyo nikapumzika kidogo, kwa maana sijawahi kuisema kwa mdomo.

Mambo ya kila siku sitayagusa. Chandarua, maji ya kunywa, joto la huko, kanisa la kujiunga nalo, hayo yote mama yako amekwisha kukuambia, na nina hakika atarudia kesho mlangoni. Mimi nataka kukuambia habari ya kamba, kwa sababu ndiyo kazi unayoiendea.

Ulipotuambia kazi yenyewe ni gani, mama yako aliuliza kama kweli kuna mtu hapa duniani anayelipwa kwa kuchora kamba, nami nikacheka pamoja naye. Ulitueleza polepole, kama unayeeleza watoto wa darasa la tatu. Kampuni hiyo inatengeneza programu za kuwafundishia madereva wa kreni, wale wanaoshusha makontena kutoka melini, ili wazoee kwenye skrini kabla ya kukabidhiwa mashine yenyewe. Wewe utaandika sehemu ya minyororo na kamba za chuma: zining'inie kama za kweli, ziyumbe mzigo unapoyumba, na zikatike pale zinapostahili kukatika. Tangu Jumatano nimeifikiria kazi hiyo na sioni cha kuchekesha tena. Kuna kijana atajifunza kwenye kamba yako, halafu atapanda kwenye kreni akiwa na watu chini yake.

Nakumbuka jioni uliponionyesha kamba yako ya kwanza. Ulikuwa umemaliza chuo, umerudi nyumbani, huna kazi, na mimi nilikuwa nakutazama kwa jicho la pembeni kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka uwe mwalimu. Ulipochagua kompyuta sikusema nawe muhula mzima, na mama yako ndiye aliyekuwa akibeba salamu kati yetu. Jioni hiyo uliniita, "Baba, kuja uone." Kwenye skrini palikuwa na mstari unaoning'inia kutoka misumari miwili, ukivutika na kurefuka kama ubani uliotafunwa. Nikakuambia hiyo si kamba, hiyo ni kamasi.

Ulicheka. Ukanieleza kwamba kompyuta haijui kamba ni nini. Wewe unaipa nukta nyingi zilizopangwa mstari, na kila nukta inakumbuka ilikuwa wapi muda mfupi uliopita, ili iendelee kwenda kule ilikokuwa ikienda. Halafu mvuto wa dunia unazivuta zote chini. Halafu unapita kutoka nukta hadi nukta ukiuliza: wewe na jirani yako mko mbali kuliko mlivyopatana? Kama wako mbali unawasogeza. Lakini ukimsogeza huyu kwa jirani wa kulia unamtenga na wa kushoto, kwa hivyo lazima urudi mwanzo upite tena, na tena, na kila ukipita kosa linapungua. Kamba ilikuwa kamasi kwa sababu ulipita mara moja tu. Ulibadilisha nambari moja ipite mara nyingi zaidi, na ile kamasi ikakaza mbele ya macho yangu ikawa mnyororo. Ukaushika kwa kidole ukautikisa, wimbi likatoka huku likafika kule, likarudi, likatulia. Nilitaka kuushika mimi pia, na niliona aibu kukuomba.

Badala yake nikakufundisha. Nilikuambia umbo hilo linaitwa parabola, maana ndivyo nilivyowafundisha watoto wa watu mpaka nikastaafu. Ukaniambia kwa heshima kabisa, "Karibu iwe hiyo, Baba, lakini siyo. Mnyororo ukibeba uzito wake peke yake una umbo lake. Ni ukiufunga barabara chini, kama ya daraja, ndio unakaribia parabola." Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe. Kule nje nilifurahi, Makena. Nilifurahi sana na sikurudi kukuambia.

Baada ya hapo ndipo likaja jambo la daraja. Unakumbuka magogo tuliyokuwa tukivukia yaliposombwa na mvua, na watu wa ng'ambo ya mto wakawa wanazunguka mpaka daraja la gari kuleta kahawa kiwandani, na watoto wao wakawa wanakosa shule mto ukifura. Kanisa letu na la kwao yakaunda kamati, nikafanywa mwenyekiti kwa sababu ya mvi na kwa sababu ya hesabu. Mzee Kirimi akawa naibu wangu. Mama Nkatha, yule mwenye duka la ng'ambo, akawa katibu ili upande wao usiseme umeonewa. Gitonga, fundi wa kuchomelea vyuma, akapewa kazi. Nami nikakuomba uwachoree watu waone kitu kabla hawajatoa mawe na mchanga na siku zao za kazi.

Ulifanya kazi nzuri kupita nilivyoomba. Ulipima kutoka ukingo hadi ukingo, ukamuuliza Gitonga uzito wa nyaya na mbao, ukaweka hata watu wadogo wanaotembea juu. Na uliweka rangi. Kila kipande cha kamba kilibadilika rangi kulingana na jinsi kinavyovutwa: kijani pakiwa salama, manjano, halafu nyekundu. Ukining'iniza kamba na tumbo lake, yaani ikilegea kidogo katikati, ilikuwa kijani karibu yote, na manjano kidogo karibu na nguzo. Nilikaa nawe usiku ule nikihakiki kwa penseli, na hesabu yangu na rangi zako zikakubaliana. Kwa hivyo sina pa kujificha. Nilijua kila kitu kabla hatujakanyaga kanisani.

Siku ya mkutano kanisani mlitandaza shuka jeupe la mama yako ukutani, projekta ikawaka, na daraja likaonekana. Halafu Mzee Kirimi akainua fimbo yake.

"Mwalimu, mbona hii daraja iko na tumbo? Ni kama imeshiba githeri."

Kicheko kikapita. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Hiyo si bridge, hiyo ni hammock!" Na Mama Nkatha akasimama, akajifunga leso vizuri, akasema, "Sisi upande wetu hatutaki kitu imelegea. Tukibeba mawe tunataka daraja imesimama straight, hata mgeni akipita aone hapa kuna watu wanajiheshimu."

Uliwajibu vizuri. "Hilo tumbo ndilo nguvu yake. Mkiinyoosha, zile posts zitavutwa mpaka zing'oke." Lakini ulisema kwa sauti ndogo, na kicheko kilikuwa kikubwa.

Sasa nataka ujue kilichokuwa ndani yangu, maana umenijua kama mtu mkali na huenda ulidhani nilikasirika. Niliona haya. Maisha yangu yote nimechukia ulegevu: uzio uliolala, shati lisilochomekwa, mwanafunzi anayeegemea ukuta akijibu swali. Watu wanaojua hivyo walikuwa wakicheka daraja langu kwamba limelegea, na walio ng'ambo walikuwa wakinitazama. Nikainama sikioni kwako nikasema, "Ivute."

"Baba, nikiivuta itakuwa red yote."

"Basi toa hizo rangi."

"Hizo rangi ndizo zinaongea."

"Ni picha tu, Makena. Fundi anajua kazi yake."

Ulinitazama. Sijui kama nitasahau vile ulivyonitazama. Halafu ukageuza nambari, kamba ikapanda ikanyooka ikawa nyekundu kutoka nguzo hadi nguzo, kwa muda wa kufumba na kufumbua, halafu ukazima rangi. Ikabaki kamba nyeusi safi, imenyooka kama rula. Kanisa likapiga makofi. Nami nikapiga, ndiyo, nilipiga makofi.

Ukipunguza tumbo la kamba kwa nusu, mvuto kwenye nguzo unakaribia kuwa maradufu. Jambo hilo nimeliandika ubaoni kwa chaki mbele ya watoto ambao leo ni wazazi. Mtu asikudanganye kwamba makosa makubwa yanatoka kwa wasiojua. Mimi nilijua, na nikaona kwamba kicheko kilikuwa karibu na hesabu ilikuwa mbali.

Picha ile nikaenda kuichapisha Meru mjini, kubwa, ikafunikwa kwa plastiki, nikaitundika nje ya kiwanda cha kahawa ili kila anayeleta mbuni aione. Gitonga alinijia hapo. Aliniuliza wazi, "Mwalimu, nifuate hii ama ile tulisema mwanzo?" Nikamwambia afuate hii. Sikumwambia kwa nini, na yeye hakuuliza mara ya pili, kwani mimi ndimi niliyemfundisha darasa la saba.

Siku ya kuvuta nyaya ulikuwepo. Uliondoka kabla ya mwisho, kwa hivyo sehemu nyingine huijui. Winchi ya mkono ilifungwa upande wetu, na vijana wetu wakaanza kuizungusha wakiimba. Kamba ikainuka kutoka majini, ikachuruzika, ikapanda mpaka pale Gitonga alipokuwa ameweka alama yake ya zamani. Akasema yatosha. Lakini watu wa ng'ambo wakalalamika kwamba walioshika mkono wa winchi ni wa upande mmoja tu, na kwamba itasemwa daraja lilivutwa na sisi. Wakavuka kwa mawe, wakapewa zamu, nao wakaongeza. Vijana wetu wakaona wameshindwa nguvu, wakaomba tena. Wanasema mwamba ngoma huvutia kwake. Siku hiyo pande zote mbili ziliwamba ngoma moja, na kila aliyeshika mkono alitaka mzunguko mmoja zaidi ya mwenzake. Mimi nilisimama na nakala ndogo ya ile picha yako mkononi. Kila walipouliza, "Mwalimu, imefika?" nilitazama picha, nikatazama kamba, nikasema bado.

Mpaka kamba ikawa kama picha. Niliipiga kwa fimbo ikalia. Watu wakashangilia ile sauti.

Jumatano mvua iliponyesha nilikwenda peke yangu kuangalia. Nyuma ya ile simiti tuliyozika kushikilia nyaya, udongo ulikuwa umeachana nayo. Niliingiza vidole vyangu kwenye ufa vikaingia mpaka kiungo cha pili. Simiti ilikuwa imeanza safari kuelekea mtoni, Makena, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amesimama darajani. Nilichuchumaa pale. Gitonga akanikuta hapo, na Mzee Kirimi nyuma yake, na wengine wawili waliokuwa wakirudi kiwandani.

"Nani alisema ivutwe namna hii?" akauliza Mzee Kirimi, kana kwamba si yeye aliyesema imeshiba githeri.

Gitonga akanitazama mimi. Alinipa nafasi, naapa alinipa. Nilipokaa kimya akasema, "Mimi nilifuata picha ya msichana."

Wote wakanigeukia. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu, ambayo haikuwa imefunguka.

Mzee Kirimi akasema mawe yashindiliwe pale nyuma, udongo ufunikwe, Jumapili ipite kwanza kwa kuwa wageni wamekwisha kualikwa, halafu mambo mengine tutaona. Nami nilibeba mawe hayo kwa mikono yangu hii. Nikafunika ule ufa, nikaukanyagakanyaga ulingane na ardhi.

Maneno ya mtoni yalifika kiwandani kabla yangu, na kutoka kiwandani yakamfika mama yako, na kutoka kwake yakakufika wewe. Alhamisi tukila uliniuliza, "Baba, walisema ni picha yangu. Wewe ulisema nini?" Nikakuambia ule chakula kabla hakijapoa. Uliweka kijiko chini ukatoka, na hiyo ndiyo mara ya mwisho tulipozungumza.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sijui methali inasemaje kuhusu mkuu asiyesikia la mtoto. Pengine wazee walioitunga hawakutaka kuifikiria.

Nisikilize sasa, kabla hawajafika. Huko unakokwenda, watakaokuambia uinyooshe kamba hawatakuwa watu wabaya. Usiwasubiri watu wenye pembe. Atakuwa mkubwa wako anayekupenda, aliyekusaidia ulipofika mgeni, naye atakuambia taratibu kwamba mteja analalamika, mnyororo unayumba sana, unachelewa kutulia, madereva wanakasirika, si uupunguze kidogo uonekane vizuri. Na kweli utaonekana vizuri. Kwenye skrini kila kitu kinakubali. Ile kamba yangu nyekundu ilikubali kuwa nyeusi bila kulalamika. Nilikuambia ni picha tu, na watu wakaenda wakakivuta chuma kifuate picha. Hakuna picha tu kwa mtu ambaye wengine wanamwamini, na wewe watakuamini, kwa sababu unachora vizuri kupita kiasi.

Nakuogopea kwa sababu hiyo. Sikuogopei kwa sababu ya mji wala kwa sababu ya wanaume, hayo mama yako anatosha. Naogopa kwamba siku hiyo utamkumbuka baba yako akikunong'oneza sikioni, na utaona kwamba hata baba alifanya hivyo.

Mbwa anabweka. Ni wao.

*

Nimerudi. Giza limeingia na viatu vyangu vimejaa matope, mama yako amenigombeza kwa ajili ya sakafu. Nitakuandikia ilivyokuwa, bila kujipamba.

Walikaa pale sebuleni, wakanywa chai. Mzee Kirimi akaomba, Mama Nkatha akafungua kitabu chake cha mikutano, Gitonga akabaki karibu na mlango kwa sababu ya buti zake. Nikawaambia daraja haliwezi kufunguliwa kesho. Nikawaambia ufa tuliofunika bado upo, na kwamba kila anayekanyaga pale juu anaongeza mvuto ambao simiti haiwezi kuushika. Nilisema yote hayo kwa ufasaha wa mwalimu, na bado sikuwa nimesema lililo langu.

Halafu Mzee Kirimi akaweka kikombe chini, akaongea kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Mwalimu, hapa hakuna haja ya watu kuaibishana. Tutasema kompyuta ya msichana ilikosea. Msichana mwenyewe kesho hayuko, ameenda Mombasa, huko nani anamjua? Maneno yatakwisha. Lakini wewe utabaki hapa na sisi, na kanisa lako, na watu wa ng'ambo. Jina la mzee likianguka haliinuki."

Nataka nikuambie ukweli mbaya. Sikukasirika. Nilijipata nikipima kama ingefaulu, na nikaona ingefaulu. Usingekuwepo. Ungesikia baada ya miezi, kwa simu, kutoka kwa mtu mwingine, na ungekasirika, na mimi ningesema watu husema mengi. Nilikaa na wazo hilo mpaka chai yangu ikapoa. Nyuma ya mlango nilisikia pasi ya mama yako imesimama. Alikuwa anasikiliza.

Nikasema, "Ari." Maana yake hapana, kwa lugha yetu, kwa sababu Kiswahili kilinikimbia. Halafu nikasema kwamba msichana alichora sawa, na mimi nilihakiki kwa penseli nikaona ni sawa. Kwamba alituonya mbele ya kanisa zima, na alinionya tena sikioni, na mimi ndimi niliyemwambia avute na azime rangi. Kwamba Gitonga aliuliza na mimi ndimi niliyemjibu.

Gitonga alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Mzee Kirimi akatazama fimbo yake. Lakini Mama Nkatha alisimama, kitabu kikaanguka.

"Mwalimu! Watoto wangu wanapita hapo! Daraja haijafunguliwa lakini wanapita, kila asubuhi, na mitungi ya maziwa! Na wewe ulijua Wednesday?"

Nikamwambia ndiyo, nilijua.

"Na ukafunika?"

Nikamwambia ndiyo.

Alilia, Makena, mwanamke mzima ambaye sijawahi kumwona akilia hata kwenye mazishi. Aliniita maneno ambayo sitayaandika, na yote yalikuwa yangu. Alinyamaza alipochoka. Halafu akasema twende mtoni sasa hivi, kabla ya watoto wa jioni kupita, na tukatoka mbio, mimi nikiwa na miaka hii yangu, tukiteleza kwenye matuta ya kahawa.

Tulimkuta mvulana wa watu katikati ya daraja, mtungi mkononi, anarukaruka ili mbao zitikisike. Mama Nkatha alimwita kwa jina. Alikuwa akijaribu kutopiga kelele, ili asishtuke akakimbia. "Kuja polepole. Polepole, baba. Usiruke." Nilisimama kando ya simiti na niliona udongo ule tulioukanyaga ukipasuka tena, ufa mwembamba ukitembea kwenye nyasi. Yule mtoto alikuja hatua kwa hatua, akitabasamu, akidhani tunacheza naye. Alipokanyaga ardhi Mama Nkatha alimshika mkono akaushikilia mpaka akalalamika kwamba anamuumiza. Mimi niliketi kwenye matope.

Gitonga alitusogeza wote mbali, akarudisha winchi kidogo kidogo. Kamba ililia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Halafu ikaanza kushuka, ikaota tumbo, ikaendelea kushuka mpaka pale ulipoichora mwanzo, na kelele ikaisha. Tumeziba pande zote mbili kwa miti na miiba, na simiti itachimbwa upya, kubwa zaidi, wiki zijazo. Kuhusu uenyekiti, hawakunifukuza na hawakuniomba nibaki. Nimeuacha.

Nimekusikia ukiingia jikoni sasa hivi, unamsimulia mama yako habari za nyanya. Nitakuja huko. Sijui nitaanza na neno gani, na huenda nitazungumzia ng'ombe kwanza, maana unanijua. Ndiyo maana nakutilia karatasi hizi kwenye begi, usije ukaondoka na ng'ombe tu.

Nimekukosea, mwari wakwa, binti yangu. Nilikukosea mbele ya kanisa, na nikakukosea mtoni, na mezani. Najivunia kazi yako kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya mimi mwenyewe, nami ndimi niliyekufanya uiharibu. Siku watakapokuambia uinyooshe, kataa. Wakikuuliza ni nani aliyekufundisha ukaidi huo, usiseme ni baba. Hukujifunza kwangu, ulikuja nao, na mimi nilijaribu kuuvunja.

Limebaki jambo moja. Mama Nkatha ndiye aliyeandika tangazo la kusomwa kesho makanisani, letu na la kwao, wewe ukiwa safarini. Mara ya kwanza aliandika kwamba sherehe imeahirishwa kwa sababu ya hitilafu ya mchoro, kwa kunihurumia nadhani, hata baada ya yote. Nilimrudishia karatasi. Nimelinakili jipya hapa, ulisome kabla yao:

"Daraja halitafunguliwa leo, na mtu yeyote asilipite. Kamba zilivutwa kupita kiasi kwa amri ya mwenyekiti, ambaye alijua hatari yake, na alipoona ufa aliufunika. Mchoro wa kwanza wa binti yake Makena ulikuwa sahihi. Alimwonya baba yake, naye akamwambia azime rangi."

Baba yako